Kozi Bila Mkufunzi ni Duka la PDF

Wacha niseme bila kuzungukazunguka: chuo kikikuuzia kozi ya mtandaoni isiyo na mtu wa kukujibu, hakijakuuzia masomo. Kimekuuzia PDF. Na PDF hata saiba ya mtaani wanakuprintia, na hawakuitishi karo ya muhula.

Najua nimeanza na moto. Ni kwa sababu nimechoka na wimbo mmoja unaoimbwa kila mara watu wakiacha masomo ya mtandaoni. "Vijana wa siku hizi hawana nidhamu." "Wanapenda TikTok kuliko vitabu." "Masomo ya mbali yanataka mtu mwenye bidii." Manze, huo wimbo umechosha. Unamlaumu aliyezama, na hakuna anayeuliza kama boti ilikuwa na jaketi za kuokolea watu.

Ninachosema leo ni kwamba mkufunzi wa mtandaoni ndiye moyo wa kozi. Video, noti, slaidi na yale maswali ya kubofya ni vitabu vilivyovaa nguo mpya. Ukiondoa mkufunzi, umebaki na maktaba iliyofungwa kwa nenosiri.

Nani hasa anasoma mtandaoni?

Watu wakifikiria mwanafunzi wa mtandaoni wanaona kijana kitandani na laptopu, blanketi hadi kiunoni, chai mkononi. Labda huyo yuko. Wale ninaowajua mimi ni wengine kabisa. Kuna soja wa Westlands anayesomea uhasibu kwa simu kati ya saa sita na saa kumi usiku, geti likitulia. Kuna mwalimu wa shule ya msingi kule Turkana anayetaka kutoka cheti hadi digrii bila kuacha darasa lake. Kuna mama wa watoto wawili pale Umoja anayefungua noti watoto wakilala. Kuna dada zetu walio Saudia na Qatar kwa kazi za nyumbani, wanaosoma diploma siku ya mapumziko, kama wamepewa hiyo siku.

Usiniambie hawa hawana nidhamu. Msee anayelinda geti usiku kucha na bado anafungua somo la uhasibu saa tisa usiku ako na nidhamu kuliko nusu ya wabunge wetu.

Wanachokosa ni mtu wa pembeni. Ukiwa kampasi umezungukwa na msaada hata kama huuoni. Hujaelewa, unamgeukia jirani. Bado hujaelewa, unamfuata mhadhiri kwenye korido. Unaona wengine wanakimbizana na kazi, unajua tarehe ya mwisho imefika. Ukikosa darasa wiki mbili, rumeti anauliza kama uko sawa. Mwanafunzi wa mbali hana hata kimoja kati ya hivyo. Pengo hilo lote linazibwa na mtu mmoja, mkufunzi wake. Asipokuwepo, hakuna kitu.

Nina rafiki yangu ambaye ni muuguzi Kitui. Alijiandikisha digrii ya mtandaoni, chuo sitakitaja. Mwezi wa kwanza aliwaka vibaya sana. Halafu ikaja uniti ya takwimu. Kulikuwa na jedwali moja kwenye noti ambalo hakuelewa linasomwaje. Akauliza pale mahali pa maswali. Kimya. Akauliza kwenye grupu ya WhatsApp ya darasa, wanafunzi wenzake watatu wakampa majibu matatu tofauti. Akamwandikia mhadhiri barua pepe. Kimya. Kazini wakamwongezea zamu za usiku, akakosa zoezi moja, akakosa la pili, halafu akaacha kufungua kabisa.

Sasa sikia hii. Wiki tatu, nne, sita, hakuna mtu hata mmoja aliyemuuliza yuko wapi. Lakini siku ya karo ilipofika, ujumbe ulimpata saa mbili asubuhi kamili, jina lake limeandikwa vizuri, nambari ya Paybill pale chini. Yaani mfumo ulikuwa unajua yuko. Ulimjua kama deni tu.

Mpaka leo yeye husema, "Mimi sina kichwa cha takwimu." Hiyo ndiyo inaniuma. Mtu anayepiga hesabu ya dozi ya mtoto mchanga kulingana na uzani wake, saa nane usiku, anaamini hana kichwa cha hesabu kwa sababu swali lake moja halikujibiwa.

Mkufunzi anafanya kazi gani?

Wengi wanadhani kazi yake ni kuongea kwenye Zoom. Hiyo ni kazi ndogo. Kubwa ziko tatu.

Ya kwanza ni kujibu. Na swali huoza kama nyanya. Swali la Jumatatu likijibiwa Jumatano, bado uko kwenye hiyo mada, bado lina maana. Likijibiwa baada ya mwezi, mtihani umepita na wewe umeshajiamulia kuwa ni mjinga. Jibu lenyewe wala halihitaji kuwa hotuba. Rekodi ya sauti ya dakika mbili kwenye WhatsApp inaweza kumsaidia soja wa Westlands kuliko Zoom ya saa mbili ambayo itamla data zote za wiki.

Ya pili ni kusoma kazi yako na kukuandikia kitu. Sio 14/30 halafu basi. Hiyo 14/30 inakuambia umeanguka, haikuambii ulijikwaa wapi. Mkufunzi wa kweli anakwambia: uko sawa hadi mstari wa nne, hapo ukagawanya badala ya kuzidisha, rudia hizi mbili unitumie. Au: hoja yako nzuri umeificha mwisho, ilete mbele. Ukipata maneno kama hayo mara tatu kwa muhula, unaanza kujisahihisha mwenyewe kabla hujatuma.

Ya tatu ndiyo kubwa zaidi: kukutafuta. Programu nyingi za masomo ya mtandaoni, kama Moodle, zinaweka rekodi ya nani aliingia na lini. Mkufunzi anaweza kuona kwamba hujafungua kozi siku kumi. Basi anakutumia ujumbe: "Sijakuona wiki hii. Kuna kitu kimekwama?" Dakika moja tu. Kwa mtu anayesoma peke yake usiku, huo ujumbe unamwambia kuna mtu anajua yuko. Video haiwezi kukutafuta. PDF haijui kama uko hai.

Hii si sayansi ya jana

Kama kuna mtu anataka kuniambia hayo mambo ni magumu, turudi nyuma kidogo. Mwaka wa 1967, pale Kikuyu, chini ya kile ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Nairobi, kulianzishwa kitengo cha masomo kwa njia ya posta. Walimu wa shule za msingi waliokuwa kazini walitumiwa masomo kwenye bahasha. Vipindi vingine walivisikiliza kwa redio. Wakimaliza zoezi wanalirudisha kwa posta, mkufunzi anasahihisha, anaandika maoni yake, anarudisha. Intaneti hakuna, simu mkononi hakuna. Kalamu nyekundu na stempu.

Uingereza, Open University ilipewa hati yake 1969 na kupokea wanafunzi wa kwanza 1971. Masomo yalikuwa yanapita BBC, na vitabu vinakuja kwa posta. Lakini kila mwanafunzi alipewa mkufunzi wake, na kazi ambazo mkufunzi alisahihisha zilihesabiwa kwenye matokeo. Watu wa 1971 walishaelewa kwamba televisheni peke yake haifundishi mtu.

Sisi wenyewe tulilijaribu hilo kwa lazima. Machi 2020 shule zilipofungwa kwa sababu ya korona, masomo yakahamia redioni, kwenye runinga na YouTube. Kama ulikuwa shule wakati huo unakumbuka vizuri. Redio ya KBC ilikuwa na mdomo, haikuwa na masikio. Mwalimu anasoma swali, anasubiri kidogo, anasema "vizuri sana", na wewe hujasema kitu. Hakuna aliyeweza kumwambia, "Mwalimu, rudia hapo." Shule zikafunguliwa kwa wote Januari 2021, na ukweli ni kwamba wengi tulirudi tukianzia pale tulipoachia Machi.

Kwa hivyo Agosti 2023, Chuo Kikuu Huria cha Kenya kilipopewa hati yake kule Konza, mimi nilifurahi. Nchi yetu inakihitaji. Lakini chuo hicho, na vyuo vingine vyote vinavyouza digrii za mtandaoni, nitavipima kwa kitu kimoja: mwanafunzi wa Mandera akikwama saa tatu usiku, nani anajua amekwama?

Najua mtasema nini

Kuna mtu atakuja hapo chini kwenye komenti: "Si YouTube iko? Mimi nilijifunza kila kitu bure." Hongera. Wewe ni yule mmoja. Januari 2019 jarida la Science lilichapisha utafiti wa Justin Reich na José Ruipérez-Valiente wa MIT. Waliangalia kozi za mtandaoni za Harvard na MIT tangu 2012 hadi 2018, zikiwa na usajili zaidi ya milioni 12. Hizo ni kozi kali, video safi, maprofesa wa majina makubwa. Katika mwaka wa masomo wa 2017-18, kwa kila watu 100 waliojiandikisha, waliomaliza walikuwa kama 3.

Utasema wengi waliingia kuchungulia tu. Sawa, ni kweli. Lakini hata kati ya wale waliolipia cheti, wasiofika nusu ndio walimaliza. Watu waliotoa pesa zao, kwa Harvard na MIT! Kwa hivyo shida haikuwa ubora wa video. Ukiwa peke yako na video nzuri, bado uko peke yako.

Mwingine atasema: "Hiyo ilikuwa zamani, sa hii kuna akili unde." Mimi mwenyewe naitumia, na sitajifanya mtakatifu. Inaeleza kitu mara kumi bila kukasirika, na saa nane usiku iko macho. Itumie. Lakini inasubiri uulize, na aliyepotea kabisa hajui hata aulize nini. Inakujibu kwa ujasiri hata ikiwa imekosea, na kama wewe ni mgeni kwenye somo hutajua. Haijui mtihani wako unasahihishwaje. Na siku alama zako za CAT zitapotea, ule ugonjwa sugu wa vyuo vyetu, haitaenda ofisini kusema, "Huyu mwanafunzi ni wangu, kazi yake niliisoma mimi." Ukiacha kuifungua, haitakukumbuka. Itakaa hapo tu, kimya, kama ile PDF.

Wa tatu, na huyu huwa ni mtu mzima: "Mwanafunzi wa chuo kikuu hafai kubebwa kama mtoto." Mzee wangu, kwa heshima zote, mwanafunzi wa kampasi anabebwa kila siku. Ana darasa, ana ratiba, ana marafiki, ana mhadhiri mbele yake. Hakuna anayeita huko kubebwa. Mbona wa mtandaoni akiomba ajibiwe swali anaambiwa anadeka?

Usimtukane mkufunzi, piga hesabu

Hapa nataka makomredi mnielewe. Sisemi wakufunzi ni wabaya. Wengi ndio wanaoumia.

Chukua kozi moja yenye wanafunzi 300 na mkufunzi mmoja. Kusoma kazi ya mtu mmoja vizuri na kumwandikia maoni, tuseme ni dakika 20. Mara 300 ni dakika 6,000. Hizo ni saa 100 kwa zoezi moja. Muhula ukiwa na mazoezi mawili, saa 200, na hapo hajajibu swali hata moja wala kumtafuta mtu aliyepotea. Sasa huyo mtu ni mwalimu wa muda, analipwa kwa kozi na sio kwa idadi ya wanafunzi, anatumia data zake, na kama unafuatilia habari unajua walimu wa muda wa vyuo vya umma wamelia malimbikizo miaka na miaka. Wewe ungejibu WhatsApp za watu 300 saa nne usiku kwa mshahara ambao haujafika?

Kwa hivyo tiki za bluu bila jibu si tabia mbaya ya mtu mmoja. Ni bajeti. Kuna mtu aliketi ofisini akaamua kwamba mkufunzi mmoja atatosha watu 300, kwa sababu PDF haina mshahara.

Na hapo ndipo hasira yangu iko. Mwanafunzi wa mtandaoni hatumii hosteli. Hakai kwenye ukumbi wa mihadhara. Hatumii maji wala umeme wa chuo. Hiyo gharama iliyookolewa ilipaswa iende mahali pamoja: kwa watu wa kumsaidia. Wanafunzi 25 kwa mkufunzi, hata 40, na saa za kujibu ziwe usiku wakati wanafunzi wenyewe wako huru. Badala yake masomo ya mtandaoni yamegeuzwa njia ya kupokea wanafunzi wengi bila kuajiri mtu. Kisha wakianguka, wimbo unaanza: nidhamu, nidhamu.

Wakufunzi watatoka wapi?

Mtasema watu hawapo. Wapo, na mnawajua. Wanakaa Juja, Kahawa Wendani, Roysambu, Rongai, kwenye bedsita zenye intaneti nzuri kuliko fanicha. Kwa miaka mingi vijana wetu wamekuwa wakiwaandikia wazungu kazi zao za chuo. Uuguzi, sheria, uhandisi, falsafa, chochote, na tarehe ya mwisho ni kesho asubuhi. Hadi filamu imetengenezwa, *The Shadow Scholars* ya 2024, ikimfuata Profesa Patricia Kingori wa Oxford, mzaliwa wa Kenya, akichunguza biashara hiyo. England waliipiga marufuku kwa sheria ya 2022. Halafu ChatGPT ikatoka mwishoni mwa 2022 na wengi wameona kazi ikikauka.

Hebu tafakari huo upuzi. Nchi ina maelfu ya vijana wanaoweza kuelewa somo geni kwa usiku mmoja na kulieleza kwa maandishi safi, na ujuzi huo tumeuuza nje ili mtoto wa tajiri wa mbali apate A ambayo hakuisomea. Wakati huohuo muuguzi wa Kitui anakosa mtu mmoja wa kumweleza jedwali.

Najua, utasema nampa fisi kazi ya kuchunga mbuzi. Sisemi wapewe funguo za mitihani. Wapewe mafunzo, mkataba, mhadhiri wa kuwasimamia, na kikundi kidogo cha wanafunzi. Mtu huuza kilicho na soko. Kukiwa na malipo halali ya kueleza, wengi wataeleza. Na tena, mkufunzi anayejua mwandiko wako tangu wiki ya pili ndiye wa kwanza kushtuka siku utakapoleta kazi ambayo si yako.

Kabla hujalipa karo

Kama wewe, ama mathe, ama binamu yako anataka kujiandikisha kozi ya mtandaoni, asiulize tu karo ni ngapi na cheti kinatambuliwa au la. Aulize pia haya matano, na majibu yaje kwa maandishi.

1. Mkufunzi wangu ni nani, kwa jina, na anasimamia wanafunzi wangapi?
2. Nikiuliza swali, nitajibiwa ndani ya siku ngapi? "Mapema iwezekanavyo" si jibu.
3. Kazi yangu itarudi na maoni yaliyoandikwa, ama na nambari tu?
4. Nikipotea wiki mbili, nani atanitafuta?
5. Nikiwa na simu tu na data kidogo, nitasaidiwaje?

Wakikujibu yote, huenda umepata chuo. Wakikutumia brosha yenye picha ya mtu anacheka na laptopu, funga hiyo linki.

Na wale mko ndani tayari, msinyamaze kila mtu kwa kona yake. Tengenezeni orodha ya maswali ambayo hayajajibiwa, na tarehe kila moja lilipoulizwa. Pelekeni pamoja kwa mkuu wa idara, mara moja kila mwezi. Mtu mmoja akilalamika anaitwa msumbufu. Watu 80 wakileta orodha moja yenye tarehe, hiyo ni ripoti, na lazima mtu aisome.

Sasa nataka kusikia kutoka kwenu. Swali lako la mwisho lililobaki bila jibu mtandaoni lilikuwa gani, na ulingoja siku ngapi? Liandike hapo chini, bila jina la mwalimu. Na kama unaona la mwenzako na unajua jibu lake, mjibu.